Kadi yangu ya ukaazi ni ya Ujerumani. Je, naweza kutembea Paris, Interlaken na London?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 25, natokea Moshi, nasoma shahada ya uzamili hapa Jena, Ujerumani, na huu ni mwaka wangu wa pili. Tangu nifike sijavuka mpaka hata mara moja kwa sababu ya woga. Likizo ya Krismasi natamani kwenda Amsterdam, Paris, Interlaken na Roma, halafu niuone mwaka mpya London kwa mama mdogo. Mwenzangu mmoja wa bwenini anasema kadi yangu imetolewa na Ujerumani, basi ni ya Ujerumani tu. Wa pili anasema nina siku 90 katika kila nchi, na pasipoti niiache chumbani isije ikaibiwa kwa kuwa mipaka haipo tena. Wa tatu anasema siku zangu 90 ziliisha zamani, maana nimekaa Ulaya zaidi ya mwaka. Kadi inaisha tarehe 31 Januari, na naogopa ofisi ya wageni ikijua nimezurura itaninyima kibali kipya. Mwezi Machi natimiza miaka 26. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kilichonigusa zaidi katika barua yako ni kwamba umekaa zaidi ya mwaka katikati ya Ulaya bila kuvuka hata hapo Salzburg, Austria, na kumbe ruhusa unayo mfukoni. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa kigeni hapa Ujerumani kuhusu vibali, na woga kama wako nakutana nao kila muhula. Mara nyingi chanzo chake si sheria, ni maneno ya bwenini. Wenzako wamekupa majibu matatu na yote matatu yana kasoro. Niyapitie kwanza, kisha tuitazame safari yenyewe, kwa sababu sehemu yake kubwa haina tatizo, ila hiyo ya London kwa tarehe ulizochagua inaweza kukukwamisha vibaya.

Ujerumani ni moja ya nchi 29 za eneo la Schengen. Nchi hizi zilipokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka baina yao, ilibidi kila moja ikubali nyaraka za mwenzake, la sivyo mpango mzima usingefanya kazi. Ndiyo maana mkataba wa utekelezaji wa Schengen wa mwaka 1990, katika kifungu chake cha 21, unasema mtu mwenye kibali halali cha kuishi kilichotolewa na nchi mojawapo, pamoja na pasipoti halali, anaweza kutembea katika nchi nyingine za eneo hilo kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Kadi yako ni kibali cha namna hiyo. Huhitaji viza ya Ufaransa, ya Uholanzi, ya Italia, wala ya Uswisi iliko Interlaken. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Ireland ni kinyume chake: imo katika Umoja, haimo Schengen. Uingereza haimo kokote.

Sasa hizo siku 90. Siku unazokaa Ujerumani hazihesabiwi kabisa, maana huko unaishi kwa kibali chako. Kwa hiyo mwenzako wa tatu amekosea: kama hujavuka mpaka, hujatumia hata siku moja. Wa pili amekosea upande mwingine. Siku 90 si za kila nchi. Ni jumla ya siku zote utakazokaa katika nchi nyingine zote za Schengen kwa pamoja, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa.

Kinachowachanganya watu zaidi ni hizo siku 180. Hazianzi Januari, na hazianzi siku uliyofika. Siku yoyote unapokuwa nje ya Ujerumani, hesabu siku hiyo na 179 zilizoitangulia, uone ndani yake umekaa nje siku ngapi. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyekwenda Barcelona kwa binamu yake tarehe 1 Julai akakaa hadi 26 Septemba. Hizo ni siku 88. Tarehe 20 Desemba anataka kwenda Paris. Akihesabu kurudi nyuma anafika 24 Juni, kwa hiyo siku zote 88 za Barcelona bado zimo, na amebakiwa na 2 tu. Siku yake ya kwanza ya Julai inatoka kwenye hesabu tarehe 28 Desemba, na kuanzia hapo anapata siku moja kila siku inayopita. Wewe hesabu yako ni nyepesi. Hata ukikaa siku tatu Amsterdam, tano Paris, tatu Interlaken na nne Roma, ni siku 15.

Kuhusu kuacha pasipoti chumbani, hapana, hapana kabisa. Kibali peke yake hakitoshi, sheria inataka vyote viwili, na picha ya kwenye simu si pasipoti. Isitoshe, ukaguzi umerudi. Ufaransa imekuwa na ukaguzi wa muda katika mipaka yake tangu 2015, na Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Ukirudi na basi la usiku kutoka Paris, usishangae likisimamishwa alfajiri pembeni ya barabara, taa ziwashwe, na polisi wapite kiti kwa kiti wakiomba nyaraka. Nitakuambia ukweli kama ambavyo ningemwambia mdogo wangu wa kuzaliwa: sisi weusi tunaombwa mara nyingi kuliko wengine, na inauma ukiona jirani yako wa kiti akipitwa bila kuulizwa. Mpe pasipoti na kadi kwa pamoja, jibu ulichoulizwa kwa kifupi, unatoka wapi, unaishi Jena, unasoma. Una haki ya kuuliza kwa upole sababu ya ukaguzi. Hapo jambo huisha kwa dakika chache. Aliyeacha pasipoti chumbani ndiye anayeteremshwa na begi lake huku basi likiondoka.

Kama unaogopa kuibiwa, nunua kipochi cha kuvaa ndani ya nguo, usiweke pasipoti na kadi kwenye mfuko wa nyuma wa begi katika treni za chini ya ardhi za Paris au karibu na kituo cha Termini pale Roma, na acha fotokopi kwa rafiki Jena. Ikipotea, nenda kwanza polisi upate taarifa ya maandishi, kisha ubalozi. Tanzania ina balozi Paris, Roma, Den Haag na Berlin.

Nije kwenye hofu ya ofisi ya wageni. Kutembea ni haki iliyoandikwa kwenye mkataba, na ofisa hawezi kukunyima kibali kwa sababu ulikwenda kuona Colosseum. Anachokiangalia ni kama masomo yanasonga mbele, kama bima ya afya ipo, na kama una fedha za kujikimu. Hilo la fedha ndilo ulifikirie kwa makini. Kiwango kinachotumika kwa sasa ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na wakati wa kuongeza muda utaulizwa utajikimu vipi kipindi kinachofuata. Nimeona wanafunzi waliorudi kutoka ziara nzuri kabisa wakiwa na salio la kutia huruma wiki mbili kabla ya miadi. Kwa hiyo panga bajeti ya safari baada ya kutenga fedha za kuonyesha ofisini. Na usijaribu kufidia kwa kufanya kibarua njiani. Ruhusa yako ya kazi, hizo siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka, ni ya Ujerumani. Ukiosha vyombo Amsterdam hata siku mbili umevunja sheria ya Uholanzi.

Tatizo lako halisi ni tarehe 31 Januari. Omba kuongezewa muda sasa hivi, kabla ya kununua tiketi yoyote. Kadi huchapishwa Berlin, na tangu ofisi iidhinishe hadi uishike mkononi hupita wiki kadhaa. Ukiomba kabla ya kadi kuisha, kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi kinafanya kibali chako cha zamani kiendelee kuhesabiwa kuwa halali hadi uamuzi utoke, na unapewa karatasi inayoitwa Fiktionsbescheinigung kuthibitisha hilo. Isome karatasi hiyo mwenyewe uone imetiwa alama kwenye aya ipi. Ya 4 inakuruhusu kutoka Ujerumani na kurudi, ukiwa nayo pamoja na kadi iliyoisha na pasipoti. Ya 3 haikuruhusu kurudi. Lakini hata hiyo ya 4 ni karatasi ambayo mhudumu wa ndege wa Roma au askari wa mpakani huenda hajawahi kuiona maishani, na yeye ndiye atakayeamua kama unapanda au hupandi. Ushauri wangu ni kwamba baada ya 31 Januari, hadi kadi mpya ifike, tembea ndani ya Ujerumani tu. Desemba na Januari kadi yako ni halali, na halali ni halali hadi siku ya mwisho.

Ndiyo sababu London ihamishe. Raia wa Tanzania anahitaji viza ya Uingereza, na kadi ya Ujerumani haimsaidii mlangoni. Ada ya viza ya matembezi inazidi pauni 100 na hairudishwi ukikataliwa. Majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi, na katika kipindi hicho pasipoti yako hubaki kwenye kituo cha maombi isipokuwa ukilipia zaidi ili uishike. Unaona inavyogongana: ukiipeleka pasipoti mwishoni mwa Novemba, huenda Krismasi ikufikie hujaipata, na bila pasipoti Paris nayo imekufa. Tena ukisafiri kwa treni ya Eurostar, unakaguliwa na Waingereza palepale kituo cha Gare du Nord, Paris, kabla ya kupanda, na wakati wa kurudi unakaguliwa na polisi wa Ufaransa hukohuko kituo cha St Pancras, London. Hapo unaingia Schengen upya, na lazima uwe na kibali kilicho hai. Mtu akiugua London, au treni zikisimama, na kadi imebakiza siku chache, utajikuta umekwama upande wa pili wa maji ukitafuta viza ya kurudi chuoni kwako. Mwombe mama mdogo akuvumilie hadi Pasaka. Omba viza ukiwa na kadi mpya, yenye muda mrefu mbele yake, maana hata ofisa wa viza ataona mtu mwenye sababu ya kurudi. Siku utakayorudi, ukikuta foleni ya mashine za alama za vidole za mfumo mpya ulioanza 12 Oktoba 2025, kumbuka mfumo huo hauwahusu wenye vibali vya kuishi. Onyesha kadi yako uelekezwe.

Paris, kwa upande mwingine, usiiahirishe, na sababu ni hiyo Machi yako. Makumbusho ya kitaifa ya Ufaransa ni bure kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 ambao ni raia au wakaazi wa Umoja wa Ulaya. Ni mkaazi, si raia peke yake, na watu wetu wengi hawalijui hili. Kadi yako ya Jena inakuingiza Louvre, Orsay na Versailles bila senti. Louvre pekee, kuanzia Januari 2026, inamtoza euro 32 mgeni asiye raia wala mkaazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya. Siku utakayotimiza 26 mlango huo wa bure unafungwa. Hata hivyo kata nafasi ya saa mtandaoni kabla, hata kama bei ni sifuri, na angalia siku: Louvre hufungwa Jumanne, Orsay na Versailles hufungwa Jumatatu. Mlangoni toa kadi yenyewe pamoja na pasipoti. Kitambulisho cha chuo peke yake hakitakutosha.

Amsterdam inataka mipango kuliko fedha. Tiketi za nyumba ya Anne Frank huuzwa mtandaoni tu, na hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya siku za wiki sita mbele. Ukifika mlangoni bila tiketi utaishia kuitazama kwa nje. Roma nayo, makumbusho ya serikali ya Italia huwa bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na yale ya Vatikani Jumapili ya mwisho, ila foleni zake siku hizo ni ndefu sana na kwa siku nne tu ulizonazo mimi ningelipa niingie asubuhi ya siku ya kawaida.

Interlaken niiseme kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiko wanafunzi wetu huumia. Treni ya kupanda Jungfraujoch ni karibu faranga 200 au zaidi kwenda na kurudi kama huna kadi ya punguzo, na kituo chake kiko mita 3,454. Wewe ni mtoto wa Moshi: kibanda cha Horombo kwenye mlima wenu kiko mita 3,720. Kama theluji unaitaka, sawa, lakini kwa mfuko wa mwanafunzi panda treni ya kawaida hadi Lauterbrunnen, dakika 20 hivi kutoka Interlaken, utembee kwa miguu bondeni chini ya maporomoko ya Staubbach yanayodondoka karibu mita 300 kutoka ukingoni mwa jabali. Hapo hakuna kiingilio. Zima pia data ya simu kabla ya kuvuka Basel. Utaratibu wa kutumia bando lako la nyumbani bila gharama ya ziada ni wa Umoja wa Ulaya, na Uswisi haimo ndani yake isipokuwa mtandao wako uwe umeijumuisha.

Na kubwa kuliko simu ni bima. Nyuma ya kadi yako ya bima ya afya ya umma ya Ujerumani kuna kadi ya Ulaya ya matibabu. Ufaransa, Uholanzi na Italia itakusaidia ukiugua ghafla. Lakini kwa sisi tusio raia wa Umoja, kadi hiyo haitumiki Uswisi, Denmark, Norway, Iceland wala Liechtenstein. Mjerumani unayekaa naye chumba kimoja anaweza kuvunjika mguu Interlaken akatibiwa kwa kadi hiyo. Wewe utaletewa ankara, na ankara ya hospitali ya Uswisi inaweza kumaliza fedha zako za muhula mzima. Kata bima ya safari inayotaja Uswisi wazi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ankara hiyo.

Kuhusu nauli, wewe kama mkaazi wa Ulaya pasi yako ya treni za nchi nyingi ni ya Interrail, si Eurail ya wageni wa nje ya Ulaya, na una bei ya vijana hadi miaka 27. Kwa miji minne, na treni za kasi za Ufaransa zinazodai malipo ya kiti juu ya pasi, sidhani itakulipa. Mabasi, na tiketi za treni zilizokatwa mapema, vitakutoka nafuu zaidi.

Kwa Februari, ukiwa unasubiri kadi mpya, kuna safari mbili za ndani ambazo ningependa kila Mtanzania anayesoma hapa azifanye, na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchi nzima, inatosha. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, kuanzia Januari 2026 ni 63, na wanafunzi wengi wanayo kwa bei ya chini ndani ya ada ya muhula. Haipandi treni za kasi za ICE, kwa hiyo jiandae kubadilisha treni. Ya kwanza ni Berlin, Museum für Naturkunde, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Katika ukumbi mkubwa amesimama dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa vichwa na mabega ya watu wetu hadi bandarini. Simama miguuni pake, inua shingo hadi ukione kichwa. Ya pili ni Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, alikozikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyefika mji huo 1867 na kuitwa Emily Ruete. Alifariki 1924, na alifia hapohapo Jena unapoishi.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, na ukiwa nayo mojawapo usisafiri kabla ya kuonana na mtu ana kwa ana. Kama umebadilisha kozi au chuo tangu kadi itolewe. Kama jina kwenye kadi na kwenye pasipoti yanatofautiana hata kwa herufi. Kama pasipoti yenyewe inakaribia kuisha, kwa kuwa ofisi haiwezi kukupa kibali kirefu kuliko pasipoti. Kama umewahi kupokea barua ya polisi au ya ofisi ya wageni ambayo hukuielewa ukaiweka droo. Au kama umeomba miadi na hadi katikati ya Desemba hujajibiwa. Anzia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, kisha Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ambao ushauri wao wa kijamii ni wa bure. Uliza pia baraza la wanafunzi, maana mengi yana saa za mwanasheria. Beba pasipoti, kadi pande zote mbili, cheti cha usajili wa muhula, uthibitisho wa bima na taarifa ya benki, pamoja na nakala ya ile barua pepe uliyoomba miadi, ikiwa na tarehe yake. Barua pepe hiyo itume kesho asubuhi, na tiketi ya Paris ukate baada ya kuituma.